Daktari Asiyetibu Watu

Mtoto akishikwa na homa katika ploti yetu ya nyumba za kupanga mtaani Majimbo, mama yake alianza kwa kugonga mlango wa Daktari. Iliendelea hivyo miaka yote, hata baada ya kila mtu kujua kwamba daktari huyu hakuwahi kushika sindano. Alikuwa amesomea kompyuta hadi ngazi ya mwisho, chuo kikampa cheo, na cheo kikamfuata nyumbani. Nakumbuka jioni ya kwanza, kabla hajamaliza hata kupanga vyombo vyake. Mama Kendi wa nyumba ya pembeni alisimama mlangoni pake na mtoto mgongoni.

"Daktari, huyu mtoto anachemka."

"Mama, mimi si daktari wa watu. Mimi ni daktari wa programu za kompyuta."

Mama Kendi alifikiria kidogo. "Si ni sawa tu? Kwani hujasoma?"

Mtu mwingine angecheka au angefunga mlango. Yeye alichukua ufunguo wa gari lake dogo, akawapeleka hospitali, akakaa nao kwenye benchi mpaka mtoto akapewa dawa. Kesho yake nilimsikia akimwambia Mama Kendi kwamba aliogopa njia nzima, kwa sababu hakujua hata mtoto mgonjwa hushikwa vipi. Tangu siku hiyo hakubishana tena na jina. Mimi pia nilimwita Daktari, na yeye aliniita Mwalimu, kwa kuwa nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili mjini Embu. Tuliishi mlango kwa mlango miaka mingi, na sidhani tuliwahi kuitana kwa majina tuliyobatizwa.

Kazi yake ilinichukua muda kuielewa. Alifundisha chuoni, lakini kufundisha si kazi aliyoihesabu. Kazi yake ilikuwa utafiti: kuchunguza programu zinavyoandikwa, na kwa nini watu wabaya hupata njia ya kuingia ndani yake. Alichapisha programu za watu kwenye karatasi, kurasa kwa kurasa, kisha akakaa kwenye ngazi ya mbele na kalamu nyekundu akizisoma mstari kwa mstari. Nami nilikuwa na insha za wanafunzi wangu. Basi Jumamosi nyingi ungetukuta hapo, wanawake wawili na kalamu mbili nyekundu, katikati yetu chupa ya chai yake isiyo na sukari.

"Wako wanakosea nini leo?" aliniuliza.

"Ngeli. Wananiandikia 'kitabu yangu'. Na wako?"

"Wangu wanaamini sana. Hii programu inamfungulia kila anayebisha hodi. Haiulizi wewe ni nani."

Alipokuwa akisoma aliimba nyimbo za kanisa kwa Kimeru, kwa sauti mbaya kabisa, na hakujua kwamba anaimba. Nilipomwambia, aliona haya, akanyamaza wiki nzima. Nikajuta. Kisha siku moja akasahau, akaanza tena, nami sikusema kitu.

Tulikuja kuwa karibu kwa sababu ya neno moja. Alikuwa akienda mashinani, Runyenjes, Karurumo, na mara nyingine upande wa kwao Meru, kuwauliza watu jinsi wanavyotunza nambari za siri za simu zao. Maswali aliyaandika kwa Kiingereza, akataka niyatie katika Kiswahili ambacho mkulima hatakikimbia. Mahali pa kutaja kosa linalomwingiza mwizi ndani ya programu, yeye alikuwa ameandika "udhaifu".

"Daktari," nilimwambia, "ukimuuliza mzee wa Runyenjes kuhusu udhaifu wa simu yake, atafikiri unamuuliza habari za afya yake, na umemkosea heshima."

Tulijaribu "kasoro", tukajaribu "ufa". Mwishowe tukakubaliana kwa "mwanya". Alirudi kutoka Karurumo amefurahi kama mtoto. Watu walikuwa wamemwelewa mara moja. Kila mtu pale ana ua, na kila ua una mahali ambapo mbuzi wa jirani hupenya.

Alichogundua katika safari hizo ndicho kilichomfanya asipande cheo. Wenzake wote, hapa na ng'ambo, walikuwa na jibu moja: watu wa mashambani huwapa wengine nambari zao za siri kwa kuwa hawajui hatari, basi wafundishwe. Yeye aliwakuta watu wanaojua hatari vizuri. Alinieleza juu ya ajuza mmoja, cucu kama wanavyowaita nyanya huko, ambaye nambari yake ilikuwa kwa mjukuu wake wa kike.

"Nilimuuliza, cucu, huogopi? Akaniambia, 'Macho yangu hayaoni hiyo simu. Huyu msichana ndiye macho yangu.' Sasa Mwalimu, huyo si mjinga. Ana macho mabovu na mjukuu mzuri. Ni sistimu ambayo haijui kuna wajukuu. Waliotengeneza walifikiria mtu mmoja, yuko peke yake, na simu yake."

Aliandika hivyo katika makala zake, na makala zikarudishwa. Wasomaji wasiojulikana wa majarida ya mbali walimwambia kazi ni nzuri, ila katika mapendekezo aongeze kwamba wananchi wapewe mafunzo. Hakuongeza. Alipeleka kwingine, zikarudi tena na neno lile lile.

Na hapa ndipo nilipomshangaa. Mtu huyu aliyewatetea wanaoaminiana, yeye mwenyewe hakumwamini mtu. Kamera ya kompyuta yake aliibandika plasta ya kidonda. Mlango wake ulikuwa na kufuli juu ya kitasa. Watu wa ploti hubadilishana funguo za ziada, ili mmoja akichelewa mwingine amfungulie fundi au amwanulie nguo; yeye hakumpa mtu. Siku moja alipoteza ufunguo chuoni. Nilimwingiza kwangu tumngoje fundi wa kufuli. Alikaa kwenye kochi langu na mkoba mapajani, mgongo wima, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nilipomwambia ajinyooshe, alisema yuko sawa. Fundi alipofika, Daktari alinishukuru kwa namna ambayo ungedhani nimemtolea figo.

Jumapili alikwenda kanisani, akaketi nyuma karibu na mlango, akatoka kabla ya matangazo. Hakujua kupika kidogo. Alichemsha githeri, mahindi na maharagwe, ya kulisha shule, akapitisha bakuli mlango kwa mlango, na ukimkaribisha ndani mle pamoja alisema ameacha kitu motoni. Moto wenyewe alikuwa ameshauzima, nilijua, kwa sababu jikoni zetu zilitenganishwa na ukuta mwembamba na nilisikia kila kitu. Nilisikia pia anavyokula, kijiko na sahani basi.

Makala yake moja ilikubaliwa katika mkutano wa watafiti ng'ambo, ile ya cucu na mjukuu. Alishona nguo mpya. Ubalozi haukumpa ruhusa ya kusafiri kwa wakati, basi wenye mkutano wakasema mtu mwingine atamsomea, naye afuatilie kwenye kompyuta. Aliniomba nikae naye. Nadhani ndilo jambo la kwanza aliloniomba ambalo si la Kiswahili. Alivaa ile nguo mpya, akaketi mbele ya skrini sebuleni kwake. Kijana mmoja alisimama huko mbali, akalitaja jina lake vibaya mara tatu, kila mara kwa namna tofauti, akasoma haraka haraka. Mwenyekiti akauliza kama kuna maswali. Kamera ikapita juu ya watu wakitazama simu zao. Hakukuwa na swali.

Daktari alifunga kompyuta taratibu.

"Angalau hawakulala," alisema. Kisha akaenda kubadilisha nguo.

Nimesema hakumwamini mtu. Kulikuwa na mmoja, mwanafunzi wake aliyeitwa Murimi, kijana wa kutoka huko huko Karurumo, mrefu, mwenye kucheka ovyo. Daktari alikuwa mpole kwa wanafunzi dhaifu na mkali kwa wazuri. Kwa Murimi alikuwa mkali kupita kiasi. Alimrudishia kazi imejaa wino mwekundu, kijana akaifanya upya, akarudishiwa tena. Lakini alikuwa ndiye mgeni pekee niliyewahi kumsikia akila upande wa pili wa ule ukuta. Siku ya mahafali yake alipiga picha na mama yake upande mmoja na Daktari upande wa pili, na Daktari, ambaye hukataa kupigwa picha, alitabasamu hadi meno ya nyuma yakaonekana. Murimi akapata kazi katika kampuni moja ya kutengeneza programu. Alikuwa akimpigia kila Jumapili alasiri. Nilijua ni yeye kwa sababu Daktari aliongea kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Karurumo palikuwa na zahanati ya mtu binafsi. Mwenyewe alinunua sistimu mpya: mgonjwa akipimwa, hupokea ujumbe kwenye simu, anabonyeza, anaona majibu yake bila kurudi kupanga foleni. Watu waliipenda. Daktari aliomba ruhusa ya mwenye zahanati kuichunguza kwa ajili ya utafiti wake, akapewa. Alipimwa damu yeye mwenyewe, akangoja ujumbe, akaufungua. Aliona kwamba anwani ya majibu yake inaishia kwa nambari. Akabadilisha tarakimu ya mwisho. Yakafunguka majibu ya mtu mwingine, na jina lake juu, na ugonjwa wake chini.

Alifunga papo hapo. Hakujaribu mara ya pili. Siku ile ile alimwambia mwenye zahanati na akaiandikia kampuni iliyotengeneza sistimu. Ndipo alipojua kwamba ni kampuni ya Murimi, na kwamba sehemu ile iliandikwa na Murimi.

Kazi yao ina utaratibu, na ni utaratibu aliowafundisha wanafunzi kila mwaka. Mtafiti akigundua mwanya, humwambia mwenye sistimu kwanza, kimya kimya, akampa muda wa kuuziba. Hatangazi. Akitangaza kabla haujazibwa, amewaonyesha wabaya mahali pa kupitia. Muda ukiisha, ndipo anaandika makala yake na dunia inajua. Daktari alifuata utaratibu huo kwa kila herufi. Aliandikia kampuni kila wiki. Kila wiki walimjibu kwamba wanashughulikia. Alimwomba mwenye zahanati azime huduma kwa muda.

"Nitawaambia watu nini, Daktari?" yule bwana alimuuliza. "Wameshazoea. Nikisema kuna shida watatoroka wote. Si umesema wanatengeneza?"

Nilimwona Daktari siku hizo akitembea uani akizunguka kamba za nguo. Nilimuuliza kwa nini asiende tu Karurumo akawaambie watu.

"Nikiwaambia mia moja, Mwalimu, tisini na tisa wataogopa. Mmoja atajaribu."

Huyo mmoja hakungoja kuambiwa. Kijana fulani wa pale sokoni aliyezoea kuchezea simu alikuwa na majibu yake mwenyewe ya zahanati, akabadilisha tarakimu kama Daktari alivyobadilisha. Yeye hakufunga. Alisoma jina baada ya jina, akawaonyesha wenzake, wakacheka, na jina lililokaa midomoni mwa watu lilikuwa la Mama Wanja, mjane aliyeshona sare za shule, mwimbaji wa kwaya. Ugonjwa wake ulikuwa ule ambao watu bado huutaja kwa kushusha sauti. Alikuwa ameumeza pamoja na dawa zake miaka yote bila hata dada zake kujua.

Habari zilipofika zahanati, huduma ilizimwa asubuhi hiyo hiyo. Kilichowashinda wiki baada ya wiki kiliwezekana kabla ya chai ya saa nne.

Murimi alikuja Majimbo siku chache baadaye. Hakuingia. Walisimama langoni, nami nilikuwa naanua nguo. Sikujificha, wala wao hawakuniona.

"Kampuni imeniachisha, Dakta. Wamesema ni kosa langu."

"Ni kosa lako," alisema Daktari.

"Najua. Nimekubali. Lakini si ungenipigia?"

"Niliandika kila wiki."

"Uliandikia ofisi. Mimi zile barua sikuonyeshwa. Bosi aliweka kando, ati kuna kazi ya haraka. Na ulikuwa unaongea na mimi kila Jumapili! Unaniuliza kama nimekula. Hungesema, Murimi, amka, nenda ufunge hiyo kitu saa hii?"

"Ingekuwa si haki. Nilikuwa nachunguza kazi yako. Sikutaka uone kama nakupendelea."

"Mama yangu anauza ndizi kando ya huyo Mama Wanja," Murimi alisema. "Anakuja kuniuliza nimefanya nini. Nimwambie nini?"

Kijana alingoja, akimtazama, kama mtu anayempa mwingine nafasi. Kisha akaondoka. Jumapili iliyofuata, na zilizofuata, ukuta wetu ulikuwa kimya.

Alinigongea mlango Ijumaa moja, amevaa koti.

"Mwalimu, kesho nakwenda kwa Mama Wanja. Nataka uje."

"Wa kukutafsiria? Kiembu chako si kibaya."

"Wa kunizuia nisijitetee."

Tulimkuta kwenye kibanda chake, nyuma ya cherehani, sare za buluu zimerundikwa hadi kiunoni. Kando ya mlango kulikuwa na benchi refu la wateja, limepigwa msasa na miaka ya kukaliwa. Hapakuwa na mtu. Alituangalia akadhani tumeleta kazi. Daktari alisimama wima, akasema kwa Kiswahili cha polepole, kama aliyekariri.

"Mama, mimi ni mwalimu wa chuo. Nachunguza mambo ya kompyuta. Ile sistimu ya zahanati, nilijua ina mwanya. Nilijua kabla hawajasoma yako. Niliwaambia wenyewe waizibe, nikangoja."

Mama Wanja aliacha kukanyaga cherehani. "Ukangoja nini?"

"Waizibe."

"Na mimi uliniambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kazi yetu ina..." Alinyamaza, akanitazama. "Sikukuambia," alimaliza.

Yule mama alichukua sketi, akapindua ukingo wake, akautazama muda mrefu.

"Nilikuwa nachemsha chai ya kwaya mimi," alisema, bila kutuangalia. "Kila Alhamisi, kutoka mtoto wangu akiwa darasa la pili. Alhamisi iliyopita nikakuta kuna mtu ameshachemsha. Wakaniambia, Mama Wanja, pumzika, umechoka. Sasa nimepumzika." Akainua macho. "Wewe unataka nini? Unataka nikuambie ni sawa?"

"Hapana, Mama."

"Unataka. Ungekuwa hutaki, ungekaa kwako."

Daktari alirudi nyuma hatua moja, hadi mlangoni.

"Nina sare za watu," Mama Wanja alisema. "Shule inafunguliwa Jumatatu." Akaanza kukanyaga cherehani, na kelele yake ikatutoa nje.

Ndani ya gari Daktari alikaa na mikono kwenye usukani bila kuwasha. Nilitaka kumshika bega. Sikuwahi kumgusa, zaidi ya kusalimiana kwa mkono, na sikujua pa kuanzia. Mwishowe akawasha, tukarudi Embu.

Aliiandika makala yake. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, na jarida moja la heshima likaikubali. Chuoni wakaanza kumwita Profesa kwa utani. Lakini mwishoni alikuwa ameongeza aya moja, bila kutaja jina wala mahali, akisema kwamba utaratibu wa kungoja ulifuatwa sawasawa, na kwamba wakati wa kungoja mtu aliumia ambaye hakuulizwa kama yuko tayari kungojeshwa. Wahariri wakamwandikia aiondoe. Walisema si matokeo ya utafiti, ni hisia.

Mwenyekiti wa idara alimfuata hadi Majimbo kumsihi, mtu mwema, mwenye kumtakia heri. Niliwaandalia chai kwa kuwa yeye hakuwa na maziwa.

"Daktari, ni aya moja tu," alisema. "Futa aya, uwe profesa. Hiyo hadithi utaisimulia darasani."

"Hiyo aya ndiyo nilichogundua," Daktari akamjibu. "Hayo mengine kila mtu anayajua."

Aliiondoa makala yote. Hakuipeleka kwingine. Mwaka uliofuata aliomba kustaafu kabla ya wakati, akafunga vitabu vyake katika magunia ya kahawa, akarudi Meru. Asubuhi ya kuondoka aliniachia sufuria yake kubwa, akanishika mkono, akasema, "Haya basi, Mwalimu." Mama Kendi alilia. Kendi mwenyewe, yule aliyekuwa akichemka mgongoni, alikuwa tayari msichana wa sekondari, na ndiye aliyebeba magunia hadi kwenye pikapu. Mimi nilirudi ndani kusahihisha. Aliyehamia baada yake alikuwa na redio, nami nikafurahia kelele zake kwa muda, kisha zikanichosha.

Tulipigiana simu sikukuu, tukaulizana mvua. Miaka ikapita hivyo. Kisha mwaka jana nilikuwa na shughuli ya mpwa wangu katika ofisi za kaunti mjini Meru, ikaisha mapema kuliko nilivyodhani, nikamtafuta Daktari. Mtu wa boda boda alimjua. "Yule mama wa kompyuta? Huko juu, karibu na chai." Akanipandisha hadi mahali ambapo hewa inakuwa baridi na majani ya chai yanafika hadi kwenye lami.

Nilimkuta uani akipukuchua maharagwe juu ya gunia. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alinitazama kwa muda kabla ya kuamini, akanisalimu kwa Kimeru, "Muga, Mwalimu," akainuka kwa shida, goti limekataa. Nyumba ilikuwa safi, ya vyumba viwili. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta na rundo la karatasi zenye wino mwekundu. Vijana wasiomjua walikuwa wakimtumia programu zao kutoka sehemu mbalimbali, naye alizisoma bure na kuwarudishia makosa yao. Hajawahi kuwaona sura.

Tulipukuchua pamoja. Nilimuuliza kuhusu Murimi.

"Nasikia ana mtoto wa kike," alisema. Baada ya muda akaongeza, "Nasikia anafanana na yeye." Basi.

Nilikuwa naogopa kuuliza lile lingine. Akalitaja mwenyewe.

"Huwa napita Karurumo. Nikienda Embu kwa mambo ya pensheni, napita."

"Kwa Mama Wanja?"

"Mara ya kwanza hakuniangalia. Nilisimama kidogo, nikaondoka. Mara ya pili akaniambia nitoke kwa mwangaza, namzibia uzi. Nikajua ameniona." Alipuliza maganda kwenye kiganja. "Siku hizi ananisukumia kiti. Tunaongea mambo ya mvua. Ana wateja tena, si kama zamani, lakini wako. Kwaya alirudi, lakini chai hachemshi. Alikataa. Walimwomba, akakataa."

"Amekusamehe?"

"Sijamuuliza. Hilo swali lingenisaidia mimi. Yeye lingempa kazi nyingine."

Tukamaliza maharagwe. Alinifungia nusu yake kwenye karatasi, nikakataa, akasisitiza, nikachukua. Jua likaanza kushuka nyuma ya miti. Aliniambia ninaweza kulala, kuna kitanda; nikasema nina kipindi asubuhi, na ni kweli nilikuwa nacho. Alinisindikiza hadi barabarani, akichechemea, akasimama nami mpaka boda boda ikaja. Nilipokuwa nimeshapanda, alishika mkono wangu na hakuuachia haraka.

"Ukifika unipigie," alisema.

Ni maneno ambayo kila mtu humwambia mgeni, na mgeni husahau. Nilifika Embu usiku umeshaingia, nikaweka maharagwe mezani, nikavua viatu, nikapiga. Nilidhani nitangoja, pengine yuko jikoni. Simu haikumaliza hata kuita mara moja.

"Mwalimu?"

"Nimefika, Daktari."

"Umefika salama?"

"Salama kabisa."

"Haya. Vizuri."

Hatukuwa na kitu kingine. Kwake mvua ilikuwa imeanza. Niliisikia ikipiga mabati, nzito, ya mlimani. Embu kulikuwa kukavu. Nilingoja akate, na nadhani yeye alikuwa akingoja mimi. Nikavuta kiti, nikaketi na simu sikioni, tukaisikiliza ile mvua yake.